Kulipokea Neno kwa Imani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa kwenye madarasa ya Biblia, kwenye jumuiya, na mara nyingi zaidi nje ya kanisa baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama. Nukuu ni za Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka masikioni.

Kulipokea Neno kwa imani maana yake nini hasa?

Msingi wake ni Waebrania 4:2. Mwandishi anakitaja kizazi kilichotoka Misri, kisha anasema neno walilolisikia "halikuwafaa hao, kwa sababu halikuchanganyika na imani ndani yao waliosikia." Shika kitenzi hicho, kuchanganyika. Fundi akimwaga saruji kando ya mchanga hajapata zege, hata kama vipimo vyote vimetimia. Wale watu vipimo walikuwa navyo: walisimama Sinai, walikula mana, kiongozi wao alikuwa Musa. Hawakupungukiwa mahubiri.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuielewa imani. Imani, amini, amana, mwaminifu na Amina ni ukoo mmoja, na mzizi huohuo ndio ulioko kwenye Kiebrania cha Mwanzo 15:6, Abramu "akamwamini BWANA". Mtu akikuwekea amana, ameshakupima, akaridhika, akaenda kulala. Ndivyo ilivyo kwa Neno. Kwanza ulijue limesema nini, pili ukubali kwamba ni kweli, tatu uliegemee. Wengi tunaishia la pili. Yakobo 2:19 inasema mashetani nao wanafika hapo, wanaamini na kutetemeka.

Mhubiri akisema "Pokea!" nami nikaitikia "Napokea!", si nimeshapokea?

Inategemea umeitikia nini. Kama yaliyosemwa ni Maandiko na umeyaelewa, kuitikia ni jambo jema. Amina ni kazi hiyohiyo. Kama hujui hata ni andiko gani, umeitikia sauti tu.

Katika 1 Wathesalonike 2:13 Paulo anashukuru kwamba Wathesalonike walilipokea neno "si kama neno la wanadamu, bali kama neno la Mungu". Kitenzi cha Kigiriki alichotumia hapo ndicho kinachotumika pia kwa kumpokea mgeni nyumbani. Na kwetu, kumpokea mgeni hakuishii kwenye "karibu". Unamwendea, unamwambia "nikupokee", unamtua mwenzio kapu kutoka kichwani, kisha unamtafutia pa kukaa. Neno lililoitikiwa mlangoni likaachwa na mzigo wake barazani halijapokewa.

Kipi kinatangulia, imani au kusoma?

Kusikia. Warumi 10:17 inasema, "imani, chanzo chake ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo." Kwa hiyo asiye na imani hapaswi kungoja aipate kwanza ndipo afungue Biblia. Akae chini, asome Marko, sura 16 tu, kwa sauti ya kawaida inamalizika kwa saa moja na nusu hadi mbili. Na Wakristo wa mapokeo yote wanakiri kwamba Roho Mtakatifu ndiye anayefungua akili. Katika Luka 24:45 Yesu mfufuka "akawafunulia akili zao wapate kuelewa na maandiko", na hao walikuwa wanafunzi waliokaa naye miaka, tena Maandiko hayo walikuwa wakiyasikia tangu utotoni.

Nina mashaka. Nisubiri yaishe?

Usisubiri. Baba wa yule kijana mwenye pepo alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24), na mwanawe akapona siku hiyohiyo.

Lakini maswali hayafanani. Luka sura ya 1 imeweka watu wawili karibu karibu. Zekaria anaambiwa atapata mtoto, anauliza, "Nitajuaje neno hilo?" Anafungwa ulimi. Mariamu naye anaambiwa atapata mtoto, anauliza, "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Anajibiwa kwa upole. Ukisoma haraka utaona kama amependelewa. Soma tena. Zekaria anataka uthibitisho kabla ya kuamini, naye ni kuhani mzee, ndani ya hekalu, mbele ya malaika, anayezijua habari za Ibrahimu na Sara. Mariamu anauliza namna litakavyofanyika, kisha anamaliza kwa kusema, "na iwe kwangu kama ulivyosema." Swali lake halikuwa sharti.

Kwa hiyo ukiwa na shaka, liandike swali lako jinsi lilivyo, kisha ujiulize: nikijibiwa, niko tayari kufanya nini? Ukiona jibu lolote halitabadilisha chochote, basi kinachokusumbua si swali, na huenda kwenye toba utafika haraka kuliko kwenye kitabu cha ufafanuzi.

Nikisoma sihisi chochote. Kuna kasoro?

Si lazima. Hisia huja na kuondoka kama usingizi. Kagua kwanza mambo ya mwilini: unasoma saa ngapi, umekula, simu iko wapi? Anayesoma saa tano usiku akiwa amelala chali asishangae. Kisha kagua urefu wa kifungu. Sura tano za Mambo ya Walawi kwa mkupuo zinamchosha hata mchungaji. Na kama kuna jambo Neno lilishakuambia ukaliweka kando, rudi hapo kwanza, maana ukavu wa aina hiyo hautibiwi kwa kuongeza sura.

Nitajuaje kwamba ahadi fulani ni yangu?

Makosa mengi hutokea hapa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukua Yeremia 29:11, ile inayoandikwa kwenye kalenda na vikombe: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya". Kabla ya kuidai, fanya mambo manne.

Tazama kiambishi. Kiswahili kimetupa msaada ambao baadhi ya lugha hazina: "ninayowawazia ninyi" si "ninayokuwazia wewe". Mungu anasema na jumuiya nzima ya wahamishwa, walioko Babeli.

Soma mstari ulio juu yake. Aya ya 10 inataja miaka 70. Maneno haya ni ya barua ya Yeremia kwa wahamishwa, na mtu mzima aliyeisikia ikisomwa alijua atazikwa Babeli. Ndiyo maana aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake.

Soma sura iliyotangulia. Katika sura ya 28 nabii Hanania anawaambia watu kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi. Yeremia anamjibu "Amina", Bwana na atende hivyo, lakini haishii hapo. Hanania alifariki mwaka uleule, mwezi wa saba. Watu wawili, wote wanasema "asema Bwana", mmoja anatoa miaka 2 na mwingine 70. Tunaopenda kuambiwa kila Januari kwamba huu ndio mwaka wetu tungemshangilia nani?

Mwisho, tazama kama Agano Jipya limelichukua neno hilo na kulipeleka kwa waamini wote, na kwa jambo gani. Mfano mzuri ni Yoshua 1:5, "sitakupungukia wala sitakuacha". Alipewa Yoshua. Waebrania 13:5 inalichukua na kuwapa Wakristo wote, ila inalipeleka kwenye kuacha kupenda fedha na kuwa radhi na tulivyo navyo. Yoshua 1:3, "kila mahali zitakapopakanyaga nyayo za miguu yenu", haikuchukuliwa hivyo, na aya ya 4 imetaja mipaka yake hadi mto Frati. Kiwanja cha Kibaha hakimo. Kukizunguka mara saba hakubadilishi hati.

Je, basi Yeremia 29:11 haitufai? Inatufaa sana. Inatuonyesha Mungu ambaye hakuwasahau watu wake hata alipokuwa akiwaadhibu, na tabia hiyo haijabadilika. Pokea hiyo. Tarehe ya kupata kazi haimo ndani yake.

Lakini imani si kudai hata kama mazingira yanapinga?

Inapokuwa Mungu amesema, ndiyo. Hesabu 13 na 14 zina pande zote mbili za jambo hili, na watu huhubiri upande mmoja tu.

Wapelelezi 12 walizunguka nchi siku 40. Kumi walirudi wakisema wamejiona kama mapanzi mbele ya majitu ya huko. Kaleb na Yoshua waliona majitu yaleyale, ila walikumbuka nani aliyeahidi. Watu wakawafuata wale kumi, wakahukumiwa miaka 40 jangwani, mwaka kwa siku. Hapa ndipo mahubiri huishia. Endelea hadi 14:40. Asubuhi yake wakaamka mapema, wakapanda mlimani kwenda kupigana, wakisema watakwea mahali Bwana alipowaahidi. Sasa wana ujasiri, wana kukiri, wana hata kutubu. Musa anawakataza: Bwana hayumo kati yenu. Wakakaidi, wakapigwa mpaka Horma.

Jana waliambiwa nendeni wakakataa. Leo wameambiwa msiende, wakaenda. Kosa ni lilelile mara mbili, ingawa la pili kwa macho linafanana kabisa na imani. Shetani naye alipomnukulia Yesu Zaburi 91 juu ya kinara cha hekalu hakukosea maneno. Alimtaka ajirushe ili ahadi itimie, na Yesu akajibu kwa andiko lingine: usimjaribu Bwana, Mungu wako.

Kuchunguza mafundisho si dalili ya kukosa imani?

Matendo 17:11 inawasifu Waberoya kwa mambo mawili katika sentensi moja: walilipokea neno "kwa uelekevu wa moyo", na wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Waliyemchunguza ni mtume Paulo. Mwalimu anayekasirika akiulizwa "ni andiko gani hilo?" amejiweka juu ya Paulo. Uliza kwa adabu, ukianza na shikamoo kama ni mkubwa kwako, lakini uliza.

Logos na rhema ni nini? Niliambiwa nisubiri rhema.

Ni maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "neno". Fundisho lililoenea ni kwamba logos ni maandishi ya jumla na rhema ni neno hai la Mungu kwako binafsi. Kwenye Agano Jipya mgawanyo huo haushiki. Petro wa kwanza, 1:23, inasema tumezaliwa kwa neno la Mungu lenye uzima, na hapo ni logos. Aya ya 25 inasema neno la Bwana hudumu hata milele, na hapo ni rhema. Anazungumzia kitu kilekile. Kwamba Roho hulitia andiko fulani uzito moyoni mwako wakati fulani ni kweli. Ubaya ni kukaa bila kutii lililoandikwa kwa kisingizio kwamba rhema haijafika. "Usiibe" haihitaji rhema.

Naweza kufumba macho, nikafungua Biblia popote, nikachukua mstari utakaoangukia kidole?

Hapana. Hiyo ni ramli kwa kutumia karatasi takatifu.

Nitumie tafsiri ipi?

Ziwe mbili, kama inawezekana. Union ina uzito na midundo, ndiyo iliyokaririwa na ndiyo inayosomwa kwenye makanisa mengi. Iliunganisha kazi ya tafsiri za Kiunguja na Kimvita zilizotangulia, na ndiyo maana ina maneno ambayo kijana wa leo hayatumii. Habari Njema ina Kiswahili cha kila siku, nzuri kwa kusoma kitabu kizima na kwa vijana wa kipaimara. Ukipata neno gumu kwenye Union usiliruke, maana mara nyingi ndilo limebeba mstari. Waebrania 11:1 inasema imani ni "bayana ya mambo yasiyoonekana". Aliyepita mahakamani, hasa ya kadhi, analijua neno hilo: bayana ni ushahidi. Ukisoma kama "uwazi" tu, mstari unalegea. "Saburi" ya Warumi 5 nayo si kukaa kimya, ni kustahimili bila kuiacha njia. "Haki" kwenye Union hubeba mawili, uadilifu mbele za Mungu na haki ya mnyonge. Muktadha ndio unaoamua. Na BWANA kwa herufi kubwa kwenye Agano la Kale ni jina la Mungu lenyewe, si cheo.

Nisome kiasi gani?

Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 52 zinatimiza 260 kamili, na Jumamosi unabaki na nafasi ya kufidia ulipokosa. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189: sura 3 kila siku na 5 Jumapili zinaimaliza ndani ya mwaka. Anayeanza aache mpango wa mwaka. Marko, kisha Waraka wa Yakobo, kisha Mwanzo, pamoja na Zaburi moja kila jioni, vinamtosha miezi mitatu. Mipango mingi hufa kwenye Kutoka 25, vipimo vya hema vinapoanza. Ukifika hapo ongeza mwendo, usisimame.

Nipeni utaratibu wa nusu saa.

Uwe na Biblia ya karatasi, daftari, kalamu. Simu iwe chumba kingine.

Dakika 2 za kwanza, omba kwa ufupi. Zaburi 119:18 inatosha: "Unifumbue macho yangu niyatazame maajabu yatokayo katika sheria yako." Dakika 8, soma kifungu kizima mara mbili, mara ya pili kwa sauti; kifungu kiwe na aya 10 hadi 20. Dakika 10, andika mistari mitatu: kinasema nini juu ya Mungu, kinasema nini juu ya watu, kinanitaka niamini au nitende nini. Dakika 7, mrudishie Mungu ulichosoma kwa maneno yako, ukishukuru na kuungama. Dakika 3 za mwisho, andika tendo moja, na liwe na jina na siku.

Mfano. Mathayo 5:23-24: ukileta sadaka madhabahuni "na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako", iache sadaka, ukapatane naye kwanza. Anayesoma haraka huandika: "Nimsamehe aliyenikosea." Hilo halimo. Aliye na neno ni ndugu yako, juu yako. Mkosaji huenda ni wewe. Sasa mstari wa tatu unabadilika. Badala ya "nitadumisha upendo", daftari linasomeka: "Jumamosi saa nne asubuhi niende kwa shemeji, nimrudishie elfu thelathini ya tangu Pasaka, nimwombe radhi kwa kutopokea simu zake." Hapo imani ina pa kukanyaga. Na Jumamosi ikipita bila kwenda, Jumapili usifungue ukurasa mpya, rudia huohuo.

Utaratibu huu si mpya. Guigo wa Pili, mtawa wa karne ya 12, alitaja ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali, kutulia mbele za Mungu. Luther mwaka 1539 alitaja tatu: sala, tafakari na majaribu. Hilo la majaribu ndilo tunalolisahau. Kuna mistari haiingii mpaka siku imekubana.

Kwenye jumuiya au kikundi tufanyeje?

Njia iliyoenea kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo ni ile ya hatua saba kutoka Lumko, Afrika Kusini. Kumkaribisha Bwana kwa sala. Kusoma kifungu. Kila mtu kutaja neno au fungu la maneno lililomgusa, akilirudia mara tatu polepole, bila maelezo. Kukaa kimya dakika tatu hadi tano. Kushirikishana. Kutafuta tendo la jumuiya. Kusali kwa kumaliza.

Huharibika sehemu mbili. Hatua ya tatu mtu anaanza kuhubiri. Kiongozi amkatishe kwa upole, "asante, neno tu". Hatua ya sita nayo humezwa na matangazo ya michango. Dawa yake ni kupanga matangazo baada ya sala ya mwisho, na tendo liandikwe: nani atakwenda kumwona mgonjwa, siku gani. Wiki inayofuata mkutano uanze kwa kuuliza kama alikwenda.

Nilikiri Isaya 53:5 juu ya ugonjwa wangu, sikupona. Imani yangu ni haba?

Usijihukumu hivyo, wala usikubali mtu akuhukumu. Andiko lenyewe, "kwa kupigwa kwake sisi tumepona", 1 Petro 2:24 inalitumia kwa habari ya dhambi. Mathayo 8:17 inauchukua mstari wa jirani yake, wa 4, kwa habari ya magonjwa ambayo Yesu aliponya jioni ile. Kwa hiyo kuomba uponyaji ni halali, na Yakobo 5:14 inaagiza kuwaita wazee wa kanisa. Lakini Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), alimshauri Timotheo juu ya tumbo lake, na mwiba wake mwenyewe aliuombea mara tatu ukabaki. Hakuna aliyewaambia hao watatu kwamba imani imepungua.

Dawa je? Isaya 38 inalijibu. Hezekia alipewa neno la Mungu waziwazi, miaka 15 ya nyongeza. Nabii yuleyule aliyelileta akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu uwe dawa. Ahadi na dawa zilikuwa chumba kimoja. Endelea na dawa zako. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6, na ukiacha katikati kwa sababu umejisikia vizuri, vijidudu vinaweza kuwa sugu. Za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kawaida ni za kila siku, maisha yote. Ukiamini umeponywa, nenda kapimwe na umsikilize daktari. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Yesu mwenyewe aliwatuma wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani.

Na vifungu vinavyonitisha, vya vita na laana?

Vipokee kama sehemu ya Neno, usivitumie kama silaha. Yesu alipofundisha njiani kwenda Emau alianza na Musa na manabii wote, akawaeleza mambo yaliyomhusu yeye. Ndiyo njia ya kuvisoma. Laana za Zaburi ni maombi ya waliodhulumiwa mbele ya Mungu, si orodha ya kumsomea jirani. Na kuna vifungu utavifunga bila kuvielewa. Petro anakiri kwamba nyaraka za Paulo zina mambo "ambayo ni vigumu kuelewa nayo" (2 Petro 3:16), naye alikuwa mtume.

Wakatoliki na Waprotestanti wanalipokea kwa namna moja?

Moyo ni mmoja, mipaka si mmoja. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, pamoja na Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo viwili. Katoliki husoma Maandiko pamoja na Mapokeo na chini ya mafundisho ya Kanisa. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya tarehe 18 Novemba 1965, Dei Verbum, inahimiza waamini wote kusoma, na inataka aina ya maandishi na nia ya mwandishi zizingatiwe. Waprotestanti husema Maandiko ndiyo kipimo cha mwisho, ingawa nao husoma wakiwa na katekisimu na maungamo mkononi. Aliye peke yake kabisa na Biblia yake huyo yuko hatarini pande zote mbili. Katika Matendo 8 towashi wa Kushi, akiwa anasoma Isaya, aliulizwa kama anaelewa, akasema, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?"

Bibi yetu hajui kusoma. Anapungukiwa?

Ufunuo 1:3 inambariki asomaye, mmoja, na "wao wayasikiao", wengi. Ndivyo makanisa ya kwanza yalivyokuwa: msomaji mmoja, wasikilizaji nyumba nzima. Mjukuu amsomee kifungu kimoja mara tatu, siku tatu mfululizo, kisha amwache bibi akisimulie. Usimsahihishe katikati. Biblia za sauti kwa Kiswahili zipo, zinafaa, ila kama redio imewashwa toka asubuhi jikoni huku maharage yanachemka, hiyo ni sauti ya nyumba tu. Dakika 10 za kukaa kitako zinatosha.

Kulala na Biblia chini ya mto, au kuiacha wazi Zaburi 91 kitandani mwa mtoto, kunalinda?

Karatasi hailindi. Mwenyezi aliyetajwa ndani yake ndiye alindaye. Msomee mtoto zaburi hiyo, aya 16 tu, mfundishe aya ya kwanza na ya pili, kisha irudishe Biblia mezani ambapo asubuhi utaiona.